Umeme wa jua Old Kampala: nafuu ya serikali humfikia nani?

Kuwa na paneli za sola juu ya paa hakumpatii mkazi wa Kampala punguzo la moja kwa moja kwenye malipo yake ya umeme. Nafuu ya serikali ya Uganda hupita njia nyingine: bei ya chini ya uniti za mwanzo wa mwezi, bei maalumu kwa wanaopikia umeme, msamaha wa kodi kwa vifaa vya sola, na mikopo yenye ruzuku. Makala haya yanaeleza jinsi nafuu hizo zinavyofanya kazi katika mtaa wa Old Kampala, na kwa nini majirani wawili wenye paneli zinazofanana wanaweza kuokoa viwango tofauti kabisa vya fedha.

Mambo muhimu

- Nafuu ya bei hutolewa kwa mita, si kwa kaya. Familia tatu zinazotumia mita moja hupata fungu moja.
- Sola humsaidia zaidi anayenunua uniti za bei ya katikati, ambazo ndizo ghali kuliko zote.
- Umeme unaorudi kwenye nyaya za umma bila idhini unaweza kuhesabiwa na mita kana kwamba umetumika.
- Kwa mpangaji, swali la kwanza ni paa na mita ni vya nani. Bei ya paneli hufuata baadaye.

Kilima chenye paa za zama nyingi

Old Kampala ni kilima kidogo magharibi mwa kitovu cha jiji, baina ya Namirembe, Mengo na bonde la Kisenyi. Ndipo Kapteni Frederick Lugard, aliyetumwa na kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipojenga ngome yake mwezi Desemba 1890, na jina la kilima hicho ndilo lililoenea hadi kuwa jina la jiji zima. Leo kileleni upo Msikiti wa Taifa, ambao ujenzi wake ulianza katika utawala wa Idi Amin na kukamilishwa kwa fedha za Libya. Msikiti huo ulifunguliwa rasmi mwaka 2008.

Kwa Waswahili wengi walio ughaibuni mtaa huu si mgeni. Waomba hifadhi wengi kutoka mashariki mwa Kongo walipofika Kampala walielekezwa kwanza kwenye kituo cha polisi cha Old Kampala kujiandikisha, na wengi wao walipanga vyumba katika mitaa ya jirani kabla ya kuhamia nchi za mbali. Ndugu zao waliobaki ndio ambao leo hutumiwa fedha za kodi, za karo na za umeme.

Majengo ya mtaa huu ni ya zama mbalimbali. Yapo maduka ya kale yaliyojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, yenye duka chini na makazi juu. Zipo nyumba za ghorofa za miaka ya karibuni, na vipo vyumba vya kupanga vilivyopangana kuuzunguka ua mmoja. Tofauti hizo ndizo zinazoamua nani ana mita, nani ana paa, na kwa hiyo nani anaweza kunufaika na jua.

Jua lenyewe halina uhaba. Kampala iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Paneli za wati 1,000 zilizofungwa vizuri, pasipo kivuli, zinaweza kutoa wastani wa takribani uniti 4 kwa siku. Siku za mvua hutoa pungufu, na vumbi la msimu wa kiangazi lisipofutwa hupunguza mavuno pia.

Yaka na ngazi za bei

Wakazi wengi wa Kampala hulipia umeme kabla ya kuutumia, kwa mita inayoitwa Yaka, neno la Kiganda lenye maana ya kuwaka. Utaratibu wake ni sawa na LUKU ya Tanzania au tokeni za Kenya: mteja hulipa kwa simu au benki, hupokea tarakimu 20, na kuziingiza kwenye mita. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 msambazaji mkuu ni UEDCL, shirika la serikali lililochukua nafasi ya kampuni ya Umeme baada ya mkataba wake wa miaka 20 kumalizika. Bei hazipangwi na msambazaji. Huidhinishwa na ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme, ambayo huzipitia kila robo ya mwaka.

Kwa mteja wa nyumbani, bei zilizotangazwa wakati UEDCL ilipoanza kazi zilikuwa na ngazi hizi, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18:

- Uniti 15 za kwanza katika mwezi: shilingi 250 kwa kila uniti. Hii ndiyo nafuu iliyokusudiwa kaya zenye kipato kidogo.
- Uniti ya 16 hadi ya 80: takribani shilingi 756.
- Uniti ya 81 hadi ya 150: shilingi 412. Hii ni bei ya kuwavutia watu waache mkaa na kupikia umeme.
- Zaidi ya uniti 150: bei hurudi kuwa ile ya shilingi 756.

Ngazi hizi zinaeleza lalamiko linalosikika mara kwa mara kwa wanaotuma fedha kutoka nje: kwamba shilingi 20,000 za mwanzo wa mwezi huleta uniti nyingi, na shilingi 20,000 za katikati ya mwezi huleta chache. Hesabu ni hii. Shilingi 20,000 zikitolewa kodi hubaki takribani 16,950. Katika ununuzi wa kwanza, shilingi 3,750 hununua uniti 15 za bei nafuu, na fedha zilizobaki hununua uniti nyingine 17 na nusu. Jumla ni takribani 32 na nusu. Katika ununuzi wa pili wa mwezi uleule, fungu la nafuu limekwisha, na fedha zilezile huleta uniti 22 tu na kidogo. Makato mengine, kama ada au deni la zamani, yakiwapo, idadi hushuka zaidi. Hakuna aliyeibiwa hapo; mteja amepanda ngazi.

Fungu la nafuu huanza upya kila mwezi. Kwa hiyo kununua kidogo kidogo hakumpotezei mteja haki yake, ila mwezi ukipita bila kununua, fungu la mwezi huo limepita.

Ruzuku iliyowahi kuwapo

Serikali ya Uganda iliwahi kubeba sehemu kubwa ya bili ya kila mteja. Katikati ya miaka ya 2000 maji ya Ziwa Viktoria yalipungua, mabwawa ya Jinja yakashindwa kutosheleza mahitaji, na jiji likaishi kwa mgawo wa umeme. Serikali ilikodi mitambo ya dizeli na kulipia gharama yake kutoka hazina, ili bei kwa mteja isipande kama gharama ilivyopanda.

Mwezi Januari 2012 ruzuku hiyo iliondolewa. Bei ya nyumbani ilipanda kwa siku moja kutoka shilingi 385.6 hadi 524.5 kwa uniti, yaani zaidi ya theluthi moja. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba ruzuku ya jumla iliwafaidi zaidi wenye mita na matumizi makubwa, ilhali raia wengi hawakuwa na umeme kabisa. Tangu hapo nafuu imekuwa ya kuchagua: uniti chache za mwanzo, bei ya kupikia, na miradi ya kuwaunganisha wasio na umeme.

Mwaka huohuo bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilikamilika. Isimba, lenye megawati 183, lilifuata mwaka 2019, na Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa rasmi mwezi Septemba 2024. Nchi iliyokuwa na upungufu sasa ina mitambo yenye uwezo wa zaidi ya megawati 2,000, kiasi kinachozidi mahitaji yake kwa mbali. Ukweli huu una uzito katika suala la sola, kama itakavyoonekana hapa chini.

Paneli zilezile, akiba tofauti

 Faida ya mtu aliyefunga sola nyumbani ni uniti ambazo hakuzinunua, na kwa kuwa uniti zina bei tofauti, thamani ya paneli hutegemea ni uniti zipi zimeondolewa.

Ichukuliwe familia ya kwanza, inayotumia uniti 60 kwa mwezi: taa, televisheni, jokofu dogo na simu. Bila sola, hulipa uniti 15 kwa shilingi 250 na uniti 45 kwa shilingi 756. Pamoja na kodi, jumla ni takribani shilingi 44,570. Ikifunga paneli na betri zinazoipa uniti 45 kwa mwezi, yaani uniti moja na nusu kwa siku, hubaki ikinunua zile uniti 15 za bei nafuu peke yake, na hulipa shilingi 4,425. Imeokoa zaidi ya shilingi 40,000.

Familia ya pili hupikia umeme na hutumia uniti 120. Bila sola hulipa takribani shilingi 81,860. Ikifunga paneli zilezile na kupata uniti zilezile 45, zinazoondoka kwenye hesabu ni zile za juu: uniti 40 za shilingi 412, na 5 tu za shilingi 756. Akiba yake ni takribani shilingi 23,900.

Jua ni lile, paneli ni zile, lakini familia ya pili imeokoa pungufu kidogo ya theluthi mbili ya ilichookoa ya kwanza. Ikiwa mfumo mzima, kwa mfano wa hesabu tu, umegharimu shilingi milioni 2, familia ya kwanza itarudisha fedha zake kwa muda wa miezi 50 hivi, na ya pili kwa miezi 84. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu betri za kawaida za risasi na asidi hudumu miaka michache tu, mara nyingi kati ya mitatu na mitano. Familia ya pili inaweza kulazimika kununua betri mpya kabla ya kumaliza kurudisha gharama ya zile za kwanza.

Kinachofuata kutokana na hesabu hii ni kwamba ushauri wa fundi mmoja kwa nyumba moja haufai kuchukuliwa kuwa kanuni kwa nyumba ya jirani. Mwenye nyumba anayetaka kufanya uamuzi huhitaji kwanza kujua ananunua uniti ngapi kwa mwezi, jambo linaloonekana kwenye ujumbe wa kila tokeni.

Umeme unaozidi hauendi bure

Katika nchi kadhaa, mwenye paneli huruhusiwa kuingiza umeme unaomzidi kwenye gridi na kupewa salio kwenye bili. Mita ya aina maalumu huhesabu pande mbili: umeme ulioingia ndani na ulioelekea nje.

Mfano wa karibu ni Kenya. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliufungulia mlango utaratibu huo, na kanuni zake zikatangazwa mwaka 2024. Mwenye mtambo usiozidi megawati moja anaweza kuomba, na kwa umeme anaoupeleka kwenye gridi hupewa salio la nusu: uniti mbili zinazotoka humrudishia uniti moja. Nusu nyingine huhesabiwa kuwa gharama ya kutumia nyaya za shirika kama ghala lake.

Australia, ambako wasemaji wengi wa Kiswahili wamefanya makao, ilitumia njia mbili tofauti ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni malipo ya umeme wa sola unaoingia kwenye gridi, ambayo hutegemea kampuni na jimbo. Ya pili ilikuwa msaada wa serikali kuu kwa bili za umeme: dola 300 kwa kila kaya katika mwaka wa fedha wa 2024 hadi 2025, kisha dola 150 hadi mwishoni mwa Desemba 2025, mpango ulipomalizika. Msaada huo wa pili haukuhusiana na paneli. Aliyekuwa na sola aliupata, na asiyekuwa nayo aliupata pia.

Uganda iliweka fedha zake za sola mahali pengine, kwenye mitambo mikubwa. Kupitia mpango wa GET FiT, uliofadhiliwa na Ujerumani na washirika wengine, mashamba ya sola ya megawati 10 yalijengwa Soroti mwaka 2016 na Tororo mwaka 2017. Wenye mitambo hiyo huuza umeme kwa mkataba wa muda mrefu, kwa bei iliyopangwa. Paa la nyumba halikuwa sehemu ya mpango huo.

Sababu za kutokuwa na haraka na paa za nyumba si ngumu kuziona. Mabwawa tayari hutoa umeme mchana kuliko unaohitajika, na mikataba ya baadhi ya mitambo humlazimu mnunuzi kulipia hata umeme usiotumika. Mahitaji ya Kampala hupanda jioni, watu wanaporudi nyumbani kupika na kuwasha taa, saa ambazo paneli zimelala. Uniti ya sola inayoletwa saa saba mchana humkuta msambazaji akiwa na uniti nyingine ambazo hazijapata mnunuzi.

Kwa upande wa mwenye nyumba, hata hivyo, hoja hiyo haifuti mahitaji yake. Umeme ukikatika mtaani kwa sababu ya transfoma iliyoungua au nguzo iliyoanguka, wingi wa maji Karuma haumwashii taa. Wengi hufunga sola kwa sababu hiyo, na akiba ya fedha huja baadaye.

Hapa ipo tahadhari ya kiufundi. Mfumo wa sola uliounganishwa na gridi bila betri huzimika gridi inapozimika. Umeundwa hivyo makusudi, ili usimuue fundi anayetengeneza nyaya akidhani hazina umeme. Anayetaka taa wakati wa kukatika kwa umeme anahitaji inveta inayoweza kujitenga na gridi, pamoja na betri. Tahadhari ya pili ni kwamba baadhi ya mita za malipo ya kabla hazijui tofauti ya umeme unaoingia na unaotoka. Umeme ukirudi, mita huweza kuuhesabu kana kwamba umetumika na kula uniti za mteja, au hujifunga kwa kudhani imechezewa. Kuchezewa kwa mita ni kosa ambalo adhabu yake iliongezwa katika marekebisho ya sheria ya umeme ya mwaka 2022. Hivyo mfumo wowote utakaogusa nyaya za umma unahitaji idhini ya msambazaji kabla ya kuwashwa, na fundi mwenye kibali cha ERA.

Kodi na mikopo

Nafuu ambayo mnunuzi wa sola huipata bila kuiomba imo ndani ya bei ya dukani. Sheria ya Uganda ya kodi ya ongezeko la thamani husamehe paneli za sola na baadhi ya vifaa vinavyoambatana nazo, zikiwamo betri za kuhifadhi umeme wa sola. Si kila kitu kilicho kwenye ankara ya fundi kina msamaha huo. Nyaya, swichi, vyuma vya paa na kazi yenyewe vinaweza kutozwa kodi. Ankara inayoonyesha kila kifaa peke yake humwezesha mnunuzi kuona kodi imetozwa wapi.

Nafuu nyingine ni mikopo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 638 za Marekani kwa mradi wa kupanua upatikanaji wa umeme nchini Uganda. Mradi huo unahusu uunganishaji wa gridi, sola za nyumbani, upishi safi, na wilaya zinazowahifadhi wakimbizi. Shirika la serikali la UECCC, lenye jukumu la kufadhili nishati, hupitisha sehemu ya fedha hizo kwa benki, vyama vya akiba na kampuni za sola. Shabaha ya kwanza ya miradi ya aina hii ni kaya zisizo na umeme kabisa. Mkazi wa Old Kampala mwenye mita ukutani huwa si wa kwanza kwenye orodha, ingawa ndugu yake aliye kambini au kijijini anaweza kuwa.

Kuna pia sola ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, iliyoenea Afrika Mashariki kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mteja huweka kianzio, kisha hulipa kwa siku au wiki, na kifaa hujifunga asipolipa. Faida yake ni kwamba haihitaji dhamana. Hasara yake ni kwamba jumla ya malipo huzidi bei ya taslimu, na mara nyingi mteja huijua jumla hiyo baada ya kumaliza kulipa. Kuzidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, kabla ya kutia sahihi, ni hesabu ya dakika moja.

Mpangaji na mita ya pamoja

Wakazi wengi wa Old Kampala na Kisenyi hawana paa. Wana chumba. Na mara nyingi hawana mita pia, bali hushiriki moja na majirani.

Ichukuliwe nyumba yenye familia tatu, kila moja ikitumia uniti 25 kwa mwezi. Kila moja ingekuwa na mita yake, kila moja ingepata uniti 15 za shilingi 250, na jumla yao, pamoja na kodi, ingekuwa takribani shilingi 40,000. Wakitumia mita moja, fungu la nafuu ni moja kwa wote watatu. Uniti 60 zinazobaki hulipiwa kwa bei ya katikati, na jumla hufika takribani shilingi 58,000. Familia tatu zenye matumizi madogo zimelipa karibu nusu zaidi ya ambavyo zingelipa, ingawa nafuu hiyo iliwekwa kwa ajili ya kaya kama zao. Mwenye nyumba akigawa gharama kwa bei moja ya juu kwa kila uniti, pengo hupanuka.

Kwa kaya za aina hii, mita tofauti huweza kuwa na faida kubwa kuliko paneli. Maombi hupelekwa kwa UEDCL, na huhitaji kibali cha mwenye nyumba pamoja na nyaya za ndani zilizokaguliwa. Mita ya biashara, kama ile ya duka la chini ambalo wakazi wa juu huchukua umeme wake, haina zile uniti 15 za nafuu.

Suala la paa nalo lina historia yake. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na majengo yao mengi mjini Kampala yakawekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali zao. Sheria ya mali zilizotwaliwa, iliyopitishwa mwaka 1982, iliwaruhusu wenyewe kuzidai, na baadhi ya migogoro ya umiliki imeendelea kwa miongo kadhaa. Anayefunga paneli juu ya jengo ambalo umiliki wake una mgogoro anaweza kujikuta amemwachia mwingine mali yake. Hata pasipo mgogoro, mkataba wa upangaji usiotaja paneli humpa mwenye nyumba nafasi ya kudai kwamba kilichopigiliwa kwenye paa ni chake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma fedha

Ndugu aliye nje anapoombwa fedha za sola, majibu ya maswali haya huonyesha kama mfumo utaleta nafuu:

- Je, nyumba ina mita yake, na ni ya makazi au ya biashara?
- Ilinunua uniti ngapi katika kila mwezi kwa miezi mitatu iliyopita?
- Je, zinazoondolewa ni uniti za shilingi 756 au za shilingi 412?
- Paa ni la nani, na je, ruhusa yake imeandikwa?
- Mfumo una betri? Ni za aina gani, na zina dhamana ya miaka mingapi?
- Je, mfumo utaunganishwa na gridi? Kama ndiyo, idhini ya msambazaji iko wapi?
- Ankara inataja kila kifaa, idadi yake na kodi yake?
- Fundi ana kibali cha ERA?

Malalamiko kuhusu mita, tokeni au bili hupelekwa kwanza kwa UEDCL, na mteja huhifadhi namba ya lalamiko anayopewa. Asiporidhika, anaweza kulifikisha ERA, na baada ya hapo kwenye baraza la migogoro ya umeme lililoundwa chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 1999. Kwa kuwa ERA hupitia bei kila robo ya mwaka, hesabu zilizotolewa hapa zinapaswa kurudiwa kwa bei mpya kila zinapotangazwa. Ngazi zikibadilika, akiba ya mwenye paneli nayo hubadilika.